Hadaa za macho darasani: tusiishie kuwaonyesha wanafunzi, tuwape rula wapime

#1 MwlWaHisi

Wakuu, salaam.

Nafundisha saikolojia mwaka wa kwanza, na mada ya utambuzi wa hisi ndiyo niipendayo kuliko zote. Kwa miaka mingi niliifundisha kama wengi wetu tunavyoifundisha: projekta, slaidi thelathini, picha baada ya picha. Chombo cha Rubin, mchemraba wa Necker, bata-sungura, mistari ya Müller-Lyer (miwili yenye urefu sawa, lakini ule wenye ncha za mshale unaonekana mfupi kuliko ule wenye mabawa yaliyofunguka kwa nje). Darasa linaguna, linacheka, linabishana, na kipindi kinakwisha kila mtu amefurahi. Halafu unafika mtihani. Swali: "Eleza hadaa ya Müller-Lyer inatufundisha nini kuhusu utambuzi." Jibu, karatasi baada ya karatasi: "Inatufundisha kuwa macho yetu yanatudanganya na hatupaswi kuyaamini."

Nilisahihisha majibu hayo hadi nikaweka kalamu chini. Kosa halikuwa lao. Mimi ndiye niliyewapa jibu hilo. Nilikuwa naonyesha picha, nasubiri waseme "aah!", nawaambia "mmeona mlivyokosea?", kisha nabonyeza kwenda picha inayofuata.

Hapo ndipo lilipo jambo langu. Hadaa ya macho ikionyeshwa tu, inamfundisha mwanafunzi kinyume cha kile tunachotaka ajue. Inambidi aipime kwa mkono wake, abadilishe kitu kimoja, apime tena. Hapo tu ndipo anapoanza kuona ubongo ukifanya kazi.

Chukueni ubao wa Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, wa mwaka 1995. Ni ubao wa miraba ya kijivu, mmoja umekolea, mwingine umepauka, na pembeni imesimama silinda ya kijani inayotupa kivuli chake juu ya ubao. Mraba A uko nje ya kivuli, ni miongoni mwa iliyokolea. Mraba B uko ndani ya kivuli, ni miongoni mwa iliyopauka. Ukiutazama, huna shaka hata kidogo kuwa A ni mweusi kuliko B. Ukiipima rangi kwenye programu yoyote ya kuchorea, miraba yote miwili inatoa namba ileile: 120, 120, 120.

Je, jicho limekosea? Tujiulize kwanza kazi yake ni nini. Mwanga unaotufikia kutoka kwenye kitu unategemea mambo mawili kwa pamoja: ni mwanga kiasi gani umekiangukia, na kitu chenyewe kinarudisha sehemu gani ya mwanga huo. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inapokea jumla tu, haiambiwi kipi ni kipi. Karatasi nyeupe iliyo kivulini inaweza kurudisha mwanga mchache kuliko kipande cha makaa kilicho juani, na bado tunaiona karatasi nyeupe na makaa meusi. Ubongo umekwisha kukisia: hapa pana kivuli, basi kitu hiki ni cheupe kuliko mwanga wake unavyoonyesha. Hermann von Helmholtz, miaka ya 1860, aliyaita haya makisio yasiyo na fahamu. Jicho lisilokisia lingetufanya tuone shati likibadilika rangi kila mwenye kulivaa anapoingia kivulini. Tunayemwona "amekosea" kwenye ubao wa Adelson ni mtu ambaye macho yake yanafanya kazi sawasawa.

Sasa nifanyavyo siku hizi. Nakata kadibodi na kutengeneza kitelezi cha Müller-Lyer. Kipande cha nje ni kama ala. Juu yake nimechora mstari wa milimita 100 wenye ncha ya mshale kila upande. Kipande cha ndani kinateleza ndani ya ala hiyo, nacho kina mstari unaoishia kwa mabawa yaliyofunguka kwa nje. Ukivuta, mstari wa pili unarefuka, ukisukuma, unafupika. Nyuma nimebandika kipande cha rula ambacho mvutaji hakioni. Mwanafunzi anavuta mpaka aone mistari miwili imelingana, anamgeuzia mwenzake, mwenzake anasoma namba na kuandika. Mara moja anaanzia kwenye mrefu akipunguza, mara nyingine kwenye mfupi akiongeza. Mbinu yenyewe ni ya kale, Gustav Fechner aliieleza mwaka 1860 katika upimaji wa hisi.

Kabla ya kuvuta, kila mmoja anaandika anatarajia kukosea kwa kiasi gani. Hili msiliruke. Asiyetabiri hashangai, na asiyeshangaa hana swali.

Niwape picha ya kipindi kimoja. Msichana mmoja wa safu ya mbele aliweka 81. Jirani yake akamwambia, "Mbona umepunguza sana?" Akageuza, akaisoma namba mwenyewe, akarudia akijua kabisa kuwa anatakiwa kufika 100. Akaweka 85. Akanitazama kama mtu aliyeonewa. Nikaliambia darasa lisimame kidogo, maana pale mbele yetu palikuwa na jambo ambalo slaidi zangu zote hazikuwahi kulisema: anajua, na kujua hakujamsaidia. Maarifa yake hayafiki pale mstari unapotengenezwa.

Nyuma kabisa kijana mmoja aliweka 99, akaweka tena 100. Wenzake wakasema ameiba. Nikamwomba afanye mbele yetu. Alikuwa ameyafunika mabawa kwa vidole gumba viwili akabakiwa na mistari mitupu. Hakuiba chochote! Alikuwa amefanya jaribio zuri kuliko nililolipanga mimi, kwa sababu aliondoa kitu kimoja na hadaa ikatoweka. Kipindi kilichofuata tulikiendesha kwa wazo lake: vitelezi vyenye mabawa ya nyuzi 30, 60 na 90 kati ya bawa na mstari. Kadiri pembe inavyobana ndivyo kosa linavyokua, na kwenye nyuzi 90 halibaki kitu cha kutaja.

Neno moja kuhusu jina. Natumia "hadaa ya macho" kwa sababu limezoeleka, lakini silipendi sana, maana hadaa inataka mwenye kuhadaa. "Kiinimacho" ni baya zaidi kwa kazi yetu. Linampeleka mwanafunzi kwenye mazingaombwe. Mwenye neno bora aseme.

Maswali yangu mawili:

Kwanza, gridi ya Hermann ya 1870, ile ya miraba myeusi yenye vichochoro vyeupe, ambapo unaona madoa ya kijivu kwenye njia panda. Naitumia kufundishia kuzuiana kwa seli jirani kwenye retina. Kuna njia ya kuifanya ipimwe badala ya kuonyeshwa?

Pili, muhula ujao nina mwanafunzi asiyeona kabisa. Mada nzima nimeijenga juu ya macho. Nianzie wapi?

#2 Penseli2B

Uzi mzuri mkuu. Ila mimi nina wanafunzi zaidi ya mia na ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni. Vitelezi vya kadibodi nitavikata mpaka lini?

#3 MwlWaHisi

Huhitaji vitelezi mkuu. Chapisha karatasi moja kwa kila mtu: upande wa kushoto mstari wenye ncha za mshale, kulia kwake bawa moja lililofunguka na nafasi tupu. Kila mmoja achore kwa penseli mstari unaolingana na wa kushoto, aweke na bawa la mwisho. Kisha atoe rula, apime yote miwili, aandike tofauti kwenye kona ya karatasi. Kusanya, andika namba ubaoni. Mtawanyiko wa namba za watu mia moja una mengi ya kufundisha kuliko wastani wake. Wapo watakaokosea kwa milimita 5 na wapo wa 25, na swali la kwa nini watu wanatofautiana linajileta lenyewe.

Angalizo kwa wanaotumia fotokopi: ubao wa Adelson hauvumilii mashine yenye wino uliopungua. Kijivu cha A na B kinatoka tofauti kweli, na mwanafunzi anayekata miraba yake kuilinganisha anabaki akiamini umemdanganya. Chapisha nakala moja nzuri, toboa matundu mawili kwenye karatasi nyingine, waje mezani waiweke juu wajionee.

#4 Seli_Jirani

Mwalimu, kuhusu gridi ya Hermann nina habari ambayo utaipenda ingawa itakulazimu ubadilishe somo.

Maelezo unayoyafundisha ni ya Baumgartner, 1960, na yamo kwenye vitabu vingi vya kiada. Yanasema hivi: seli iliyo kwenye njia panda inazungukwa na mwanga pande nne, ile iliyo kwenye kichochoro inazungukwa na mwanga pande mbili tu. Mwanga wa pembeni huizuia seli ya katikati. Kwa hiyo seli ya njia panda inazuiwa zaidi, inatoa ishara dhaifu, na unaona doa la kijivu. Ukilitazama doa moja kwa moja linapotea, kwa sababu katikati ya retina seli zinatazama eneo dogo mno kiasi kwamba kichochoro kimoja kinazitosha. Ni maelezo yenye mantiki, yanachoreka ubaoni kwa dakika tatu, na mwanafunzi anaondoka ameridhika.

Sasa chukua gridi hiyohiyo uipinde. Usibadilishe upana wa vichochoro, usibadilishe weusi wala weupe. Fanya tu kingo za miraba ziwe za mawimbi, kama mstari unaopanda na kushuka taratibu. Njia panda bado inazungukwa na mwanga pande nne. Kwa maelezo ya Baumgartner, madoa yanapaswa kubaki palepale.

Hayapo. János Geier na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2008. Kinachoyaleta madoa kwa sehemu kubwa ni unyoofu wa mistari, na retina haina habari na unyoofu. Seli zinazojali mstari umelala upande gani ziko kwenye gamba la ubongo. Kabla yao, mwaka 2005, Schiller na Carvey walikwisha kupendekeza kuwa maelezo yatafutwe huko.

Nisieleweke vibaya. Kuzuiana kwa seli jirani kupo na kulipimwa moja kwa moja. Haldan Keffer Hartline alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kazi aliyoifanya kwenye jicho la Limulus, mnyama wa baharini. Ninachosema ni kwamba gridi ya Hermann si ushahidi mzuri wa jambo hilo.

Kuhusu swali lako la kupima: usipime doa. Wape gridi mbili, ya mistari minyoofu na ya mawimbi. Wafundishe maelezo ya Baumgartner kwanza, kwa uaminifu, waambie waandike wanatarajia kuona nini kwenye ile ya pili. Halafu wageuze karatasi.

#5 Mche_wa_Utafiti

Nimetoka kuchora sasa hivi kwa programu ya kuchorea. Ya mistari minyoofu ina madoa kila mahali. Nikapinda mistari. Yamefutika! Nimefundishwa maelezo ya seli jirani mara mbili, chuo na chuo, na nimeyaandika kwenye mtihani nikapewa alama zote.

#6 Vidole_Kumi

Ndugu Mwalimu, nijibu swali lako la pili, maana nimefundisha wanafunzi wasioona kwa muda na nililipitia hilohilo.

Anza na hii Müller-Lyer yako. Chora mistari na mabawa kwa gundi nzito kwenye karatasi ngumu, iache ikauke iwe tuta, au bandika waya mwembamba. Mwanafunzi apitishe kidole cha shahada juu ya mstari mmoja hadi mwingine. Atakuambia ule wenye mabawa yaliyofunguka ni mrefu zaidi. Hadaa hii inahisiwa kwa vidole, na imepatikana hata kwa watu waliozaliwa bila kuona. Hapo utaona mwenyewe kuwa umempa darasa zima swali gumu: ikiwa sababu ni jicho kuusoma mstari kama kona ya chumba iliyo karibu au mbali, kidole cha mtu ambaye hajawahi kuona kona kinapata wapi habari hizo?

Ya pili, ya Aristotle. Pishanisha kidole cha shahada na cha kati, kisha viringisha gololi kwenye ile nafasi ya ncha zao zilizopishana. Utahisi gololi mbili. Ngozi inayoguswa ni zile pande mbili za vidole ambazo kwa kawaida haziguswi na kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ubongo unasoma kana kwamba vidole havijapishana.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Charpentier aliieleza mwaka 1891. Tengeneza maboksi mawili, moja dogo moja kubwa, yajaze mchanga mpaka yalingane kabisa kwenye mizani, yafunge. Mpe mtu anyanyue moja baada ya jingine. Dogo litakuwa zito, na utofauti wenyewe ni mkubwa kiasi kwamba watu wanakataa mizani. Mwaka 2000 Flanagan na Beltzner walionyesha jambo la ajabu: baada ya kunyanyua mara kadhaa vidole vinajifunza, vinatumia nguvu ileile kwa maboksi yote mawili, lakini mtu mwenyewe anaendelea kuhisi dogo ni zito. Mkono umejua, mwenye mkono bado.

Kwangu ilitokea hivi. Mwanafunzi wangu asiyeona alinyanyua maboksi, akayapapasa, akayarudisha mezani, akayapapasa tena. Akasema, "Hili dogo wamelijaza chuma." Nikampa mizani ya mkono yenye ndoano. Akaning'iniza moja, akashika mshale kwa kidole, akaning'iniza la pili. Mshale umesimama palepale. Akakaa kimya, kisha akaomba wenzake wafunge macho na kufanya kama yeye, na siku hiyo yeye ndiye aliyeendesha kikundi. Nakushauri usimtafutie zoezi la pembeni. Wafunge macho wote.

#7 Msomaji_Kimya

Nasoma tu humu lakini hili la kona za chumba limenigusa. Tulifundishwa kuwa Müller-Lyer inawapata wanaoishi kwenye majengo ya pembe mraba, na wasioishi humo haiwapati. Bado ni kweli?

#8 MwlWaHisi

@Seli_Jirani, nimesoma bandiko lako mara tatu. Somo nalibadilisha. @Vidole_Kumi, ahsante sana, nitaanza na maboksi.

@Msomaji_Kimya, hapo pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kilichopimwa, na sababu iliyotolewa.

Kilichopimwa ni kwamba makundi ya watu hutofautiana. Mtafiti Mwingereza W. H. R. Rivers alikwenda visiwa vya mlango-bahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya, mwaka 1898 na kukuta wenyeji wanakosea kidogo kuliko Waingereza kwenye Müller-Lyer, lakini wanakosea zaidi kwenye ile ya mstari wa wima na wa mlalo, ambapo wa wima unaonekana mrefu ingawa ni sawa. Napenda kuwataja hao kwa sababu matokeo yalienda pande mbili. Waliotaka kusema kuwa kuna watu wanaodanganyika kirahisi kuliko wengine hawakupata cha kushika. Mwaka 1966 Segall, Campbell na Herskovits wakachapisha vipimo vya jamii nyingi, na tofauti zikawa kubwa kweli. Wao ndio walioipa nguvu sababu ya majengo: ukikulia kwenye kuta na kona, ubongo unazoea kusoma pembe kama umbali.

Sababu hiyo ndiyo iliyotikisika. Umeona hapo juu habari ya vidole. Hadaa hii imepatikana kwa njiwa. Na mwaka 2015 timu ya mradi wa Prakash, unaowafanyia upasuaji watoto wa India waliozaliwa na mtoto wa jicho, iliwapima watoto 9 mara tu baada ya kuanza kuona, wenye umri wa miaka 8 hadi 16. Walizipata Müller-Lyer na Ponzo (ile ya mistari miwili sawa iliyowekwa kati ya mistari inayokaribiana kama reli) papo hapo, kabla macho yao hayajaishi na kona yoyote. Kwa hiyo mimi darasani nasema: tofauti za makundi zimerekodiwa, sababu ya majengo peke yake haitoshi. Naliacha hapo.

#9 Penseli2B

Sawa mkuu, lakini sasa niseme linalonikera. Gridi ya Hermann imepingwa. Majengo yamepingwa. Nikikumbuka, hata lile la duara za Ebbinghaus (duara mbili sawa, moja ikizungukwa na kubwa, nyingine na ndogo), la Aglioti, DeSouza na Goodale mwaka 1995, kwamba jicho linadanganyika lakini vidole vinapokwenda kushika vinafunguka kwa kipimo sahihi, nalo limepata wapinzani wenye vipimo vyao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana miezi mitatu na mimi. Akiandika kwenye mtihani "maelezo yote yanapingwa" nitampa alama gani? Wanahitaji sakafu ya kukanyaga.

#10 MwlWaHisi

Swali la haki, na limenisumbua kwa muda mrefu.

Sakafu ipo, ila si mahali tulipozoea kuitafuta. Kwamba mstari wa milimita 100 unalinganishwa na wa 83, na ukiyafunika mabawa unarudi 100, hilo halipingwi na mtu. Kwamba mahali neva inapotokea kwenye jicho hakuna seli za kupokea mwanga, Mariotte alilionyesha miaka ya 1660 na mwanafunzi wako anaweza kulionyesha sasa hivi. Achore msalaba, na kulia kwake nukta nzito, umbali wa sentimita 8. Afumbe jicho la kushoto, aukazie msalaba jicho la kulia, asogeze karatasi taratibu hadi iwe kama sentimita 30 kutoka usoni. Nukta inapotea. Kisha apitishe mstari juu ya nukta na kurudia: nukta inapotea, mstari unabaki mzima, haujakatika. Nani aliyeuchora ule mstari pale ambapo jicho halina kitu? Mwanafunzi aliyekaa na swali hilo dakika mbili hatasema tena "macho yanadanganya."

Kuhusu mtihani, swali la zamani nimelifuta. Sasa nampa jedwali: kundi la kwanza lilipima mabawa ya nyuzi 30, la pili 60, la tatu 90, na wastani wa kila kundi. Namuuliza: ni maelezo yapi yanayopatana na namba hizi, yapi hayapatani, na ungebadilisha nini kingine ili uyatenganishe? Kusahihisha kunachukua muda mrefu zaidi, sikufichi. Lakini nasoma fikra za watu, sisomi sentensi yangu mwenyewe ikirudi kwangu mara mia.

Na maelezo ya Baumgartner sitayatupa. Nitayafundisha kwa nguvu zote, mpaka wayaamini. Mtu hawezi kuumizwa na ushahidi unaovunja jambo ambalo hakuwahi kuliamini.

#11 Seli_Jirani

Hapo umesema. Urudi utuambie ilivyokuwa.

#12 MwlWaHisi (wiki tatu baadaye)

Nimerudi.

Nilifanya kama alivyoshauri Seli_Jirani. Gridi ya kwanza, maelezo ya seli jirani ubaoni, wakayanakili, wakayaeleza kwa wenzao wawili wawili. Nikawauliza: tukipinda mistari, madoa yatabaki, yatapungua au yataondoka? Karatasi 41 kati ya 46 ziliandikwa "yatabaki". Wakageuza.

Kulikuwa kimya kwanza. Kisha mtu akasema, "Karatasi yangu imechapishwa vibaya." Mwingine akaisogeza hadi puani, akairudisha mbali. Wakaanza kubadilishana karatasi wakidhani zinatofautiana. Sikusema neno kwa dakika nne hivi, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa kazi. Binti mmoja akasimama, akaenda ubaoni kwenye mchoro wangu wa seli, akahesabu kwa kidole pande nne za mwanga kwenye njia panda iliyopinda. "Nne," akasema. "Bado ni nne." Akakaa.

Yule kijana wa vidole gumba ndiye aliyeuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: mstari upindwe kiasi gani ndipo madoa yaondoke? Yanaondoka ghafla au yanafifia? Nilimwambia tupime.

Tumetengeneza gridi sita, kutoka mnyoofu kabisa hadi mawimbi makubwa, kila moja ikiongezeka kwa nusu milimita. Kila mwanafunzi anapewa zote bila mpangilio na anaipa kila gridi alama kutoka 0 hadi 10 kwa ukolevu wa madoa. Tumekwisha kukusanya za watu 19. @Penseli2B, wewe una zaidi ya mia kwenye ukumbi wako. Nikikutumia faili hizo sita utatusaidia kuwapima?

#13 Penseli2B

Zitume leo. Kipindi changu ni Alhamisi.